Mkutano Ufanywe Wapi?

Kila mwaka, chama cha walimu kinapokaribia kufanya mkutano wake mkuu, maswali yanayosikika katika vyumba vya walimu huwa ni yale yale: nani atachaguliwa kuwa mwenyekiti, fedha tulizotoa zimetumikaje, na madai yetu yamejibiwa nini. Swali moja haliulizwi, nalo ni la kwanza kuliko hayo yote: mkutano utafanywa wapi? Wengi wetu hudhani ya kuwa kuchagua mahali ni kazi ya makarani, kama kuchagua rangi ya bahasha. Nataka kuonyesha ya kuwa sivyo. Kura ya kwanza ya mkutano wowote hupigwa siku ile panapochaguliwa mahali, wala hakuna mjumbe anayeinua mkono siku hiyo. Aliyechagua mahali amekwisha kuchagua pia nani atasema na nani atasemewa.

Nitaanza kwa jambo lililotupata sisi wenyewe, wala sitataja jina la chama wala la mji, kwa maana shabaha yangu si kumwaibisha mtu bali kuitengeneza desturi. Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye mkutano mkuu katika hoteli moja ya mji mkubwa. Mwezi ulikuwa Aprili, masika yamekolea, tena tulikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani. Barua ya mwaliko ilisema ya kuwa kila mjumbe ajilipie nauli, naye atarudishiwa fedha zake siku ya mwisho akionyesha stakabadhi. Mimi nilitoka Ikwiriri alfajiri, nikapanda basi, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimekwisha kunawa uso na kuketi. Safari yangu ilikuwa nyepesi kwa sababu nakaa kando ya barabara ya lami. Lakini wenzetu wa delta, wanaofundisha katika visiwa vya mikoko ambako mto Rufiji wagawanyika kabla ya kuingia baharini, hawana barabara. Walitazamiwa wajumbe 11. Akafika mmoja tu, naye alifika siku ya pili baada ya chakula cha mchana.

Nilimwuliza mwalimu huyo amepita njia gani. Akaniambia ya kuwa aliondoka kwa mashua maji yalipojaa, kwa kuwa maji yakipwa vijito vya delta hubaki tope tupu na chombo hukwama. Mvua na upepo viliwachelewesha, wakafika Nyamisati usiku. Akalala hapo, asubuhi akapanda pikipiki katika matope mpaka Bungu penye barabara kuu, ndipo akapata basi. Nauli aliikopa kwa mwenye duka. Wenzake 10 hawakupata wa kuwakopesha, wakarudi darasani.

Alipoingia ukumbini, jambo lililowahusu watu wa delta kuliko watu wote lilikuwa limekwisha kupitishwa jana yake. Lilikuwa juu ya mfuko wetu wa rambirambi. Mkutano ulikata shauri ya kwamba mwanachama akifiwa, habari pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji zifike ofisini katika siku 3, la sivyo hatapewa kitu. Kwetu sisi wa barabarani siku 3 ni nyingi. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa delta alifiwa na mama yake wakati wa mvua. Akazika, akamtafuta mtendaji, akangoja chombo, na barua yake ikafika siku ya 6. Hakupata hata senti. Alipolalamika alijibiwa kwa upole ya kuwa kanuni ilipitishwa na mkutano halali, tena akatajiwa mithali tunayoijua sote: asiyekuwapo na lake halipo.

Mithali hiyo ni ya kweli, lakini naona siku ile ilitumiwa vibaya. Wazee waliisema ili kumwonya mvivu anayelala nyumbani wakati wenzake wanapogawana kazi na mavuno. Hawakuisema ili iwe ngao ya mtu aliyeweka baraza mahali pasipofikika, kisha akahesabu vichwa. Ukifunga mlango wewe mwenyewe, huwezi kumlaumu aliye nje kwa kuwa hakuingia.

Wala jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano Mombasa wa kuamua ni Kiswahili kipi kitakachotumiwa katika vitabu na shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi hizo nne ili kuisimamia kazi hiyo, na katika miaka yake ya kwanza wenye lugha yao hawakuwa na viti ndani yake. Waliokaa ni Wazungu wa serikali na wa misioni. Sisemi ya kuwa uamuzi ule ulikuwa mbaya. Mimi mwenyewe naandika kwa Kiswahili hicho, na vitabu vilivyonifundisha kusoma vilipigwa chapa kwa hicho. Lakini tazameni jambo hili: mkutano ulikuwa Mombasa, mji ambao washairi wake walikuwa wakitunga kwa Kimvita tangu zamani za babu zao, na Kimvita kikashindwa katika mji wake mwenyewe. Basi twajifunza ya kuwa ukaribu peke yake hautoshi. Mtu aweza kukaa karibu kabisa na ukumbi, asiwe na kiti ndani yake.

Mfano wa pili ni wa Juni 1962. Waandishi wa Kiafrika walikusanyika katika chuo cha Makerere, Kampala, na watu wengi huutaja mkutano huo kuwa mwanzo wa fasihi mpya ya Afrika. Kampala si mbali na nchi ya Waswahili. Lakini mkutano ule ulikuwa wa wenye kuandika kwa Kiingereza, na jina lake lilisema hivyo waziwazi. Kwa sababu hiyo Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa amekwisha kuandika mashairi na hadithi nyingi kwa Kiswahili, hakuwa na sifa ya kukaribishwa, hali vijana waliokuwa wametoa hadithi fupi chache kwa Kiingereza walikuwa nazo. Yeye alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, aliuandika upungufu huo miaka mingi baadaye. Hapo napo twajifunza jambo: nauli ikilipwa na jengo likiwa zuri, lugha yaweza kuwa komeo la mlango.

Sitaki kutaja makosa tu. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora, ili kukata shauri gumu la kura tatu: kama chama kiingie katika uchaguzi ambao kila mpiga kura atatakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, au kisusie. Wengi walikuja na hasira mioyoni. Tabora ni njia panda ya reli. Njia moja yatoka Dar es Salaam, ya pili Kigoma, ya tatu Mwanza. Mtu wa ziwani na mtu wa pwani waliweza kukutana hapo bila mmoja kumfuata mwenzake mpaka kwake. Shauri lilijadiliwa kwa ukali, kisha chama kikaingia katika uchaguzi. Shauri zito lataka wenye kulibeba wawepo linapokatwa, ili wakirudi makwao waweze kulieleza kwa kinywa chao wenyewe.

Sisi Wakristo tuna mfano wa zamani zaidi. Katika Matendo ya Mitume twasoma juu ya baraza la Yerusalemu, lililokutana kuamua kama watu wa mataifa walioamini wabebeshwe torati yote. Antiokia ilikuwa mbali, lakini Paulo na Barnaba waliletwa na kusindikizwa na kanisa lao, wakapewa nafasi ya kusimulia waliyoyaona, na kusanyiko likanyamaza likawasikiliza. Mwishoni mzigo ukapunguzwa. Kisha uamuzi haukuachwa uende peke yake kama uvumi. Ulipelekwa kwa barua na kwa watu walioweza kuulizwa maswali. Nashangaa sana ya kuwa watu wa siku zile, waliokwenda kwa miguu na kwa merikebu, walilitunza jambo hili kuliko sisi wenye mabasi na simu.

Basi, mahali pa mkutano papimwe kwa nini? Mimi naona kwa mambo matatu.

La kwanza ni njia, nayo haipimwi kwa ramani peke yake. Tazameni mkoa wetu wa Pwani. Makao makuu yake ni Kibaha, lakini mtu wa Ikwiriri akienda Kibaha kwa basi hupitia Dar es Salaam; yaani hutoka katika mkoa wake ili aingie katika mkoa wake. Makao ya wilaya yetu ya Rufiji yako Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, nasi huvuka daraja, tukashuka mpaka Nyamwage, ndipo tukageuka kuifuata njia ya Utete. Mtu wa Mafia huvuka bahari mpaka Nyamisati kabla hajaanza safari ya nchi kavu. Tangu mwaka 2024 iko reli mpya kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nasi twaifurahia. Lakini haimtoi mwalimu wa delta katika mikoko. Mwenye kupanga mkutano huhesabu safari kuanzia kituo cha mabasi. Mwenye kusafiri huihesabu kuanzia mlango wa nyumba yake.

Tena njia ina majira yake. Mwaka 2024, Aprili, mafuriko ya Rufiji yaliingia katika mashamba na nyumba za watu wengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwezi wa Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini huko Somanga, hata mabasi ya Lindi na Mtwara yakasimama. Mtu ajuaye mambo hayo kisha akaitisha mkutano Aprili, kisa ni kwamba hoteli hushusha bei zake wakati wa mvua, amenunua nafuu yake kwa taabu ya wengine.

La pili ni jengo lenyewe. Katika mkutano ule niliousimulia, ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa mbovu. Mwenzetu mmoja anayekwenda kwa magongo alibebwa na watu wanne ngazi zote, asubuhi na jioni, siku zote mbili. Wale wanne walifanya wema, nasi tuliwasifu. Lakini jioni ya kwanza nilikaa karibu naye, nikamwona hanywi maji wala chai. Nikamwuliza kama anaumwa. Akanijibu, “Siumwi, mwalimu. Choo kiko chini. Nikinywa, nitawaomba wanibebe tena.” Mtu huyo amefundisha hesabu miaka 20, na wanafunzi wake wengine leo ni waganga na wahandisi. Siku ile alishinda na kiu mbele ya chupa ya maji aliyowekewa, ili asije akawasumbua wenzake.

Twaikumbuka habari ya Kapernaumu, jinsi watu wanne walivyompandisha mwenzao aliyepooza darini, wakaitoboa dari, wakamteremsha mbele ya Bwana. Mara nyingi twaisoma habari hii kwa kuisifu imani ya wale wanne, na ni haki yao. Lakini sisi waalikaji tusijifananishe nao upesi. Afadhali tujitazame katika ule umati uliojaa mlangoni, ambao hakuna hata mmoja wao aliyesogea ili mgonjwa apite. Nchi yetu inayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, nayo yataka majengo ya watu wote yafikike. Chama kinachofundisha watoto kutii sheria hakifai kulipia ukumbi usioitii.

Jengo ni pia mahali pa mama kunyonyesha. Mwalimu mmoja mwanamke alikaa kwenye ngazi na mtoto wake nusu ya siku, kwa kuwa mtoto alilia na watu wakageuza shingo. Akayasikia maneno ya mkutano kupitia mlango uliofunguka kidogo. Aliandikwa katika daftari kuwa amehudhuria.

La tatu ni ukaribisho wa moyo. Walimu wenzetu wengi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu. Sisi Wakristo huku tu wachache, nao wametutendea kama jirani wema. Mkutano ule, kama nilivyosema, ulikuwa katika Ramadhani. Chai ililetwa saa nne na wali saa saba, vikapangwa nyuma ya viti vya watu waliofunga, na jua lilipotua hakikubaki kitu, kwa maana mkataba wa hoteli ulikuwa wa chakula cha mchana. Wenzetu wakaenda kutafuta futari njiani kwa fedha zao, katika mji wasioujua, mvua ikinyesha. Hakuna aliyewatukana. Hakuna hata aliyewafikiri, na hilo ndilo kosa. Kama tungeitwa sisi kwenye mkutano siku ya Ijumaa Kuu, tungaliandika barua kali gazetini. Kisha taarifa ya fedha ilisomwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi, ikapitishwa bila swali hata moja. Sidhani ya kuwa haikuwa na swali ndani yake.

Najua yako majibu, nami nitayataja kwa haki. Wengine husema ya kuwa mji mkubwa una vyumba vya kutosha, umeme usiokatika, na benki. Ni kweli. Wengine husema ya kuwa mgeni rasmi hatakubali kwenda mbali, na mgeni rasmi ndiye mwenye masikio ya serikali. Wengine, nao ni wanyofu, husema ya kuwa mwalimu wa kijijini amechoka na vumbi, naye angependa kulala usiku 2 katika chumba chenye kiyoyozi. Hata hilo si dhambi; mimi mwenyewe nililala vizuri.

Lakini tuyapime. Umeme na vyumba ni vyombo vya mkutano. Mkutano wenyewe ni watu. Tukiwa na taa nzuri zinazomulika viti 10 vitupu, tumemulika aibu yetu. Na mgeni rasmi aliyechoka kwa safari ya siku moja atakuwa amejifunza juu ya kazi yetu kuliko angejifunza kwa hotuba 5. Akikwama matopeni, hotuba yetu imekwisha kutolewa. Kuhusu raha ya mwalimu wa kijijini, ningeiamini hoja hiyo kama ingesemwa na mwalimu wa kijijini. Mara nyingi naisikia kwa watu wa mjini, ambao siku hiyo hulala makwao.

Msidhani ya kuwa naandika haya ili mkutano uletwe Ikwiriri, kisha wauza wali wetu wapate. Mji wetu nao una upungufu, nami nitauhukumu kwa kipimo kile kile. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sisi tumekuwa mahali pa kufikika. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipofura wasafiri wa kusini walilala kando ya maji siku kadhaa wakingoja. Leo basi lavuka daraja lenye urefu wa karibu kilometa moja kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Tuna mchele wetu, samaki wa mtoni, na mikeka ya ukindu. Lakini nyumba za wageni hazitoshi watu wengi kwa mara moja, vyoo vya shule zetu nyingi vina ngazi, na mbu wa Rufiji hawamwogopi mgeni rasmi. Kisha, kwa mtu wa Mafia, Kibiti ni karibu kuliko kwetu. Mwenye haki lazima ayaseme hayo ingawa ni mwenyeji.

Iko pia hofu, nayo yafaa itajwe. Mwaka 2017 mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari yaliitisha nchi ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, hata pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Siku hizo zimepita, lakini jina la mahali huchelewa kupona kuliko mahali penyewe. Bado nakutana na watu wanaouliza kama huku panalalika. Watu wa aina hiyo hawaponywi kwa hoja. Huponywa kwa kuja, wakala wali wetu, wakalala, wakaamka salama. Chama cha walimu chaweza kuifanya kazi hiyo kuliko tangazo lolote, kwa maana mwalimu akirudi kwao huaminiwa.

Sasa nieleze lililotokea baadaye, ili msiseme naota. Mwaka mmoja chama kilipungukiwa fedha za hoteli. Basi, si kwa hekima yetu bali kwa uhaba, mkutano ukafanywa mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa na njia zimekauka, katika shule moja kando ya barabara kuu, si mbali na Kibiti. Tulilala katika mabweni na kwa wenyeji. Mafundi wa kijiji waliweka njia ya mteremko ya saruji mbele ya darasa kubwa, kazi ya siku moja, na mwenzetu wa magongo akaingia peke yake. Safari hii alikunywa maji. Nauli za watu wa delta zilitumwa kwa simu juma moja kabla. Katika wajumbe 11 walikuja 8.

Mmoja wao akasimama, akaeleza polepole jinsi barua inavyotoka kisiwani: mtendaji yuko wapi, chombo huondoka lini, maji hujaa saa ngapi. Hakulia wala hakulaumu. Ukumbi wote ulinyamaza. Kanuni ya siku 3 ikabadilishwa siku ile ile, ikawa siku 14, tena ikakubaliwa habari ya kwanza ipelekwe kwa simu. Hakuna aliyepinga. Yamkini hata mwaka ule wa hoteli hakuna ambaye angalipinga, kama angalikuwapo wa kueleza. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa watu tusioambiwa, na tulikuwa tumekaa mahali ambapo mwenye kutuambia hawezi kufika. Kwa yule aliyefiwa na mama yake, kanuni mpya haikurudi nyuma. Tulichangishana mfukoni, akashukuru, lakini michango ya huruma si sawa na haki ya mwanachama.

Kwa hiyo natoa mashauri machache kwa viongozi wa chama chochote, nao wayapime.

Kwanza, kabla ya kulipia ukumbi, aulizwe yule aliye mbali kuliko wote: atafikaje, kwa siku ngapi, na kwa fedha za nani? Mahali ambapo yeye anaweza kufika, wengine wote watafika.

Pili, mkutano uzunguke. Mwaka huu uwe kwenu, mwaka ujao uwe kwetu, mwaka wa tatu ng'ambo ya maji. Taabu ya njia ikigawanywa haiwi adhabu ya watu wale wale. Na wale wa Dar es Salaam wakipanda mashua mara moja tu, hawatahitaji kusimuliwa tena.

Tatu, tarehe itazamwe pamoja na kalenda ya mvua, ya mfungo, ya sikukuu za dini zote, na ya likizo za shule. Mwezi wa Juni, masika yakiisha, wafaa katika nchi yetu kuliko Aprili.

Nne, nauli itangulie. Kumwambia maskini atarudishiwa ni kumwambia asije.

Tano, mmoja wa viongozi aende akalione jengo kwa macho, pamoja na mtu mwenye ulemavu na mama mwenye mtoto mchanga. Wasitazame mapazia. Watazame ngazi, vyoo, maji, na mahali pa kukaa na mtoto.

Sita, jambo linalowagusa watu ambao hawakufika lisipitishwe siku hiyo. Lingojee. Mkutano uliokata shauri haraka juu ya mtu asiyekuwapo haukuokoa wakati. Umekopa, na deni hilo hulipwa na mwingine.

Ndugu wasomaji, wengi wenu si walimu, na huenda mwasema haya ni mashauri ya wenye chaki. Lakini ninyi nanyi mna mabaraza yenu: kamati ya shule, mkutano wa kijiji, chama cha kuweka na kukopa, halmashauri ya kanisa. Je, halmashauri yenu hukutana saa ngapi? Ikiwa ni saa kumi na moja jioni, mama aliye jikoni na kisimani amekwisha kuondolewa. Ikiwa ni katika nyumba ya tajiri, mwenye deni lake hatasema neno. Ikiwa kanisani kwenu pana ngazi 3 na mzee asiyeweza kuzipanda, basi mmemwambia jambo ingawa hamkufungua kinywa.

Mara nyingine mkikusanyika, kabla ya mwenyekiti hajafungua kikao, hesabuni viti vitupu. Msiulize tu ni vya nani. Ulizeni wamepita wapi leo asubuhi, na ni nini kilichowarudisha. Kama jibu ni mto, jengeni daraja au hamisheni mkutano. Kama jibu ni sisi wenyewe, kazi ni nyepesi zaidi, nasi hatuna udhuru.